Kona ya Maswali: Radi inachaguaje njia?

Toka mvua zianze meseji zenu karibu zote ni za radi. Nimezisoma, nimechagua hizi maana ndani yake zimo na zile nyingine. Kuna hesabu kidogo humu ndani, msiziruke, kila moja inafanyika kwa kalkuleta ya simu na mi mwenyewe nimezipiga upya kabla ya kuandika.

Mama wa wawili, Muleba: Shikamoo mwalimu. Wanangu wananiuliza radi inatoka wapi. Mi nimekua nikiambiwa mawingu yanagongana. Ni kweli?

Marahaba mama. Mawingu hayagongani, yakikutana yanachanganyika tu kama moshi wa majiko mawili. Kinachogongana ni barafu, tena ndani ya wingu lilelile moja. Najua barafu na Muleba ni vitu viwili mbalimbali, lakini fikiria Kibo, kilele cha Kilimanjaro, jua la ikweta linachoma chini na kileleni mita 5,895 kuna barafu, sasa wingu la radi kwetu linapanda mara mbili ya pale na zaidi, kilomita 12 mpaka 15, kwa hiyo sehemu kubwa ya tumbo lake iko kwenye baridi kali.

Humo ndani kuna chembe nyepesi za barafu zinazobebwa na hewa inayopanda, na kuna vijiwe vizito kidogo, laini laini, vile ambavyo vikikua vinakuja kuwa mvua ya mawe. Chembe inampiga kijiwe, inadunda, inaendelea na safari yake juu. Pakiwepo na matone ya maji yaliyopoa chini ya sifuri lakini hayajaganda, kila mgongano kama huo unaacha chaji hasi kwenye kijiwe na chaji chanya kwenye chembe. Mjapani mmoja, Takahashi, alichapisha vipimo vya maabara mwaka 1978 akaonyesha kitu ambacho kinafurahisha sana: pakiwa na joto zaidi ya kama nyuzi 10 chini ya sifuri, mambo yanageuka, kijiwe ndo kinapata chanya. Ndo maana wingu la radi lina tabaka tatu na sio mbili, juu kabisa chanya, katikati hasi (juu kidogo ya usawa wa Kibo), alafu chini kabisa kuna mfuko mdogo wa chanya. Tabaka hizo tatu zilionekana wazi kwenye vipimo vya maputo ambavyo Simpson na Scrase walirusha Uingereza na kuvichapisha mwaka 1937. Huo mfuko mdogo wa chini uweke akilini, tutauhitaji.

Waambie wanao hivi: barafu nyepesi inapanda na chanya, barafu nzito inabaki chini na hasi, wakiachana mbali sana hewa inashindwa kuvumilia.

Mwalimu wa fizikia, Kakamega: Nikiwafundisha wanafunzi nawaambia hewa inapasuka kwa volti milioni 3 kwa mita. Mmoja akapiga hesabu ya wingu ubaoni akapata namba ndogo sana. Sikuwa na la kumjibu. Amekosea wapi?

Hajakosea popote, na tafadhali mwambie hivyo mbele ya darasa. Ngoja tuifanye tena. Chukua chaji hasi kulombi 40 (kulombi ni kipimo cha chaji), iweke kilomita 6 juu. Ardhi inafanya kazi kama kioo, kwa hiyo unazidisha mara mbili: 2 × 9,000,000,000 × 40, gawa kwa 6,000 mara 6,000. Inakuja volti 20,000 kwa mita. Weka na chanya 40 kilomita 10 juu, hiyo inapunguza 7,200, unabaki na kama 12,800. Hapo chini tulipo mara nyingi hata haifiki huko maana ncha za majani na miti zinavujisha chaji hewani zenyewe. Ukipanda na puto ndani ya wingu lenyewe wanapima laki moja, laki mbili kwa mita, mara chache zaidi. Hewa ya kilomita 6 ni nyepesi karibu nusu ya hewa ya pwani kwa hiyo inahitaji kama milioni moja na nusu. Bado unapungukiwa mara kumi!

Hili ndo swali kubwa kabisa la radi na wanasayansi wanabishana mpaka leo. Kuna njia mbili zinazozungumzwa zaidi. Ya kwanza ni kwamba tone la maji au kipande cha barafu chenye ncha kinakusanya uga wa umeme (ule msukumo tunaoupima kwa volti kwa mita) kwenye ncha yake, pale kwenye nukta moja volti zinazidi mara nyingi kuliko jirani yake, na cheche ndogo inaanzia hapo. Ya pili ilianza na wazo la C.T.R. Wilson mwaka 1925, kwamba elektroni ikishakuwa na kasi kubwa sana hewa haiwezi tena kuisimamisha, kila ikigonga inazidi kuongezewa mwendo na uga. Mwaka 1992 Gurevich na wenzake waliiwekea hesabu: elektroni moja ya kasi, kwa mfano iliyoletwa na miale ya kutoka anga za mbali, inazaa nyingine, hizo zinazaa nyingine, na kizingiti chake ni kama volti 280,000 kwa mita usawa wa bahari, yaani karibu 150,000 kwa kimo cha kilomita 6. Linganisha na vipimo vya puto, zinakutana! Alafu mwaka 1994 ikatangazwa kwamba setilaiti ya Compton, iliyorushwa kutazama nyota, imenasa miale ya gama inayotoka huku chini duniani kwenye mawingu ya radi, kitu ambacho wazo la Wilson lingekitegemea.

Huyo mwanafunzi mtunze. Amegusa pale wakubwa wamekwama.

Kidato cha sita, Bukoba: Niliona kwenye video kompyuta inachora radi yenye matawi kama radi halisi kabisa. Kompyuta inajuaje njia? Kuna fomula ya radi?

Hili nimelisubiri kwa hamu na nitakujibu kwa kirefu maana unaweza kuifanya mwenyewe leo usiku kwa penseli na karatasi ya grafu, haina haja ya kompyuta, kompyuta inaharakisha tu.

Mwaka 1984 watu watatu, Niemeyer, Pietronero na Wiesmann, walichapisha njia fupi ajabu. Chora mraba wa viboksi, tuseme 20 kwa 20. Kiboksi kimoja juu katikati kipake wino mweusi, hiyo ndo radi inapoanzia, ipe namba 0. Mstari wote wa chini ni ardhi, upe namba 1. Vilivyobaki vyote anza kwa kubahatisha, weka 0.5. Sasa sheria ya kwanza: kila kiboksi kitupu kiwe wastani wa majirani zake wanne, wa juu, wa chini, kushoto, kulia. Majirani wakiwa 0, 1, 0.5 na 0.3 jumla ni 1.8, gawa kwa nne, andika 0.45. (Kwa viboksi vya pembeni kabisa tumia majirani waliopo tu, watatu au kwenye kona wawili, na ugawe kwa idadi yao.) Pita karatasi nzima, rudia, rudia tena, mpaka namba zinaacha kubadilika. Inachosha, najua, lakini ukimaliza umeshasuluhisha mlinganyo wa Laplace ambao chuoni watakuandikia kwa alama za kutisha, na maana yake ni hiyohiyo tu, kila mtu ni wastani wa majirani zake.

Sheria ya pili ndo yenye uhai. Angalia viboksi vitupu vinavyogusa wino. Kila kimoja kina namba yake, na namba hiyo inakwambia uga pale una nguvu kiasi gani. Wape tiketi za bahati nasibu kulingana na namba: mwenye 0.06 apewe tiketi 6, mwenye 0.01 apewe 1. Changanya kwenye kofia, chomoa moja. Aliyeshinda anapakwa wino, anakuwa 0 na yeye, alafu unarudi sheria ya kwanza unahesabu wastani upya.

Ukifanya mara hamsini hivi utaona mti unatokea mbele ya macho yako, hakuna aliyekwambia uchore mti. Sababu ni kwamba tawi likishatangulia kidogo kwenda chini, ncha yake inakuwa karibu na ardhi, namba zinazoizunguka zinakuwa kubwa, inapata tiketi nyingi, inatangulia tena, wakati huohuo matawi yaliyobaki nyuma yanafunikwa na kivuli chake na tiketi zao zinapungua. Mwenye nacho anaongezewa. Lakini hata mwenye tiketi moja kofia inaweza kumchagua, na hapo ndo linapatikana lile tawi dogo la pembeni linaloishia hewani.

Kuna kitu kimoja cha kuchezea. Kabla ya kugawa tiketi, zipandishe kipeo cha pili. Sita inakuwa 36, moja inabaki moja, kwa hiyo mkubwa anaonea wadogo zaidi na radi inakuwa nyembamba yenye matawi machache. Ukipandisha kipeo kikubwa sana inanyooka kama rula. Ukifanya kipeo sifuri kila mtu anapata tiketi moja na unapata donge nene tu kama doa la chai. Radi halisi iko katikati ya hizo pande mbili.

Sasa hapa nataka usome taratibu. Ukiifanya wewe na rafiki yako, kwa karatasi sawa na sheria sawa, mtapata miti miwili tofauti kabisa. Lakini hesabuni viboksi vyeusi ndani ya duara dogo, alafu ndani ya duara lenye upana mara mbili. Donge lililojaa lingekupa mara 4. Mstari mnyoofu ungekupa mara 2. Mti wa radi, kwa kipeo cha kwanza na kwenye karatasi bapa, ukiwa mkubwa vya kutosha unakupa kama mara 3.4, wako na wa rafiki yako. Namba yake rasmi ni 1.75 kwa sababu mbili ikipandishwa kipeo cha 1.75 inatoa hiyo 3.4. Kwa hiyo fomula ipo, ila haikwambii njia, inakwambia tabia. Bahati imo ndani ya fomula yenyewe, sio kwamba wameshindwa kuitoa.

Karatasi yako ina mapungufu na uyajue. Haina saa. Radi ya kweli inashuka kwa hatua, Schonland na wenzake Afrika Kusini walizinasa miaka ya 1930 kwa kamera ya kuzunguka, kila hatua kama mita 50, inapumzika maikrosekunde kama 50, inaruka tena. Pia haichipui upande mmoja tu. Kasemir mwaka 1960 alieleza kwamba inaanza ndani ya wingu na kukua pande mbili kwa pamoja, ncha moja hasi na nyingine chanya, jumla ya chaji yote ikibaki sifuri. Modeli za sasa zimeyaweka hayo. Mwaka 2002 Mansell na wenzake Oklahoma walichukua bahati nasibu ya aina hii wakaipachika ndani ya wingu zima la kompyuta lenye barafu na upepo wake, na wakaona radi za chaji hasi hazikufika ardhini mpaka ule mfuko mdogo wa chanya wa chini uwepo. Mama wa Muleba anakumbuka nilisema tutauhitaji. Mfuko huo ndo unaoivuta ncha hasi ianze kushuka, ikishapata mwendo inaupita na kuja kwetu.

Mfugaji, Kibondo: Radi ilipiga mti malishoni, ng'ombe watano wakafa palepale. Kijana wangu alikuwa amesimama usawa uleule na hakufa, alianguka tu. Ndugu wanasema hii ni radi ya kutumwa, mbona imechagua ng'ombe wangu ikamwacha mtu, na wanamtaja jirani tuliyegombana naye mpaka wa shamba. Nifanye nini?

Pole sana ndugu yangu, ng'ombe watano ni ada za watoto, ni mahari, ni kila kitu. Naomba ukae na kalkuleta kabla hujaenda kwa jirani.

Radi ikishafika kwenye mti haiishii hapo, inaingia ardhini na kusambaa kila upande kama maji yaliyomwagwa, na udongo unaupinga umeme huo, kwa hiyo kati ya nukta moja ya ardhi na nyingine kunakuwa na tofauti ya volti. Hesabu yake ni hii: chukua mkondo wa radi, zidisha kwa ukinzani wa udongo, gawa kwa 6.28. Radi ya kawaida ni ampia 30,000. Udongo mkavu wenye changarawe tuseme ni omu-mita 1,000. Jibu ni kama 4,775,000. Hiyo namba izidishe kwa (1 gawa kwa umbali wa mguu wa karibu) toa (1 gawa kwa umbali wa mguu wa mbali).

Tuseme wote walikuwa mita 20 kutoka kwenye mti. Kijana wako kasimama miguu imeachana nusu mita: moja gawa 20, toa moja gawa 20.5, zidisha, unapata volti kama 5,800. Kama miguu ilikuwa karibu karibu, sentimita 10, ni kama 1,200 tu. Ng'ombe aliyeuelekea mti, miguu ya mbele na ya nyuma imeachana mita moja na nusu: volti kama 16,700. Karibu mara tatu ya kijana! Na kwa mtu umeme unapanda mguu mmoja na kushuka mwingine, unapita chini ya tumbo, wakati kwa ng'ombe unaingia miguu ya mbele na kutokea ya nyuma, moyo uko katikati ya njia. Hizi ni modeli, udongo wa kweli haufanani kila mahali, lakini tofauti ya mtu na ng'ombe haitoki hata ukibadilisha namba. Haikuchagua ndugu yangu. Ilipita chini ya wote na ng'ombe wakawa na hatua ndefu.

Nitakwambia kwa nini nimeng'ang'ania hili. Babu yangu alipoteza ng'ombe wawili chini ya mti na mchungaji akapona, ikasemwa hivihivi, na jirani aliyetajwa hawakusalimiana naye tena miaka yote iliyobaki. Babu alipofariki yule mzee alikuja mazikoni akasimama nje ya uzio hakuna aliyemwambia aingie. Mi nilikuwa mtoto nilimwona. Nilipokuja kuisoma hesabu hii chuoni ile picha ilinirudia nikashindwa kuendelea kuandika. Nenda kwa jirani yako mkamalize habari ya mpaka kama mpaka, radi iacheni nje.

Na kwa siku zijazo mvua ikianza toa ng'ombe kwenye miti mirefu iliyosimama peke yake, na pia mbali na uzio wa waya, maana waya unaubeba umeme mbali sana na pale ulipopiga.

Msomaji, Bukavu: Jambo sana. Huku kwetu radi inapiga kupita kiasi, watu na ngombe wanakufa. Wengine wanasema dunia nzima hakuna kama huku. Iko sababu gani? Na sababu gani simu haiwezi kutuambia itapiga wapi?

Jambo ndugu. Wanaosema hivyo wamekaribia sana. Setilaiti ya TRMM, iliyorushwa kupima mvua za tropiki, ilihesabu mimweko ya radi kwa miaka 16 na matokeo yakatoka mwaka 2016: ya kwanza duniani ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, mimweko 233 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na ya pili ni Kabare, hapo jirani yako kabisa, 205. Afrika hakuna panapoizidi. Sababu ni hewa yenye unyevu mwingi ya bonde la Kongo inapoipanda milima, inalazimika kwenda juu, na ikienda juu barafu inaanza ile kazi yake.

Kimo cha wingu kina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kuna modeli ya Price na Rind ya mwaka 1992 inayotumika kwenye kompyuta za hali ya hewa, inasema idadi ya mimweko kwa dakika inaenda na kimo cha wingu kilichopandishwa karibu kipeo cha tano. Wingu la kilomita 10 linatoa kama 3 kwa dakika. Lifikishe 15 linatoa kama 20. Kimo kimeongezeka nusu tu na radi zimekuwa mara saba! Kwa hiyo ukiona wingu la mchana linazidi kwenda juu, kichwa chake kinatanuka bapa kama fuawe la mhunzi, usingoje tone la kwanza.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wao hatari yao iko usiku. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, hewa inatoka pande zote za nchi kavu inakutana katikati ya ziwa lenye joto na haina pa kwenda ila juu. Wavuvi wanaotoka na karabai jioni wanaingia moja kwa moja kwenye hali hiyo.

Kuhusu simu, jibu liko kwenye ile kofia ya tiketi. Kompyuta inaweza kuhesabu leo alasiri wilaya hii itakuwa na mawingu marefu, inaweza kusema saa, hiyo kazi inafanyika na inazidi kuboreka. Ila mti upi, nyumba ipi, hilo linaamuliwa na bahati nasibu ambayo inachezeshwa kila maikrosekunde 50 mara mia kadhaa mpaka chini. Kwa sasa hesabu ya mfukoni ndo hii, ukiona mmweko hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Sekunde 30 au chini ya hapo, ingia ndani ya nyumba ya kujengwa vizuri au gari lenye bodi ya bati, na ukae nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Meseji fupi fupi. Wengi mmeuliza kama ni kweli kioo na nguo nyekundu vinavuta radi. Kwenye ile hesabu ya karatasi hakuna mahali pa rangi, kuna mahali pa urefu, ncha na umbali tu. Shati jekundu halina tiketi zaidi ya jeupe. Funika kioo kama inakupa utulivu, lakini usisimame karibu na bomba la maji wala dirisha la nondo. Simu ya mkononi yenyewe haiiti radi, ila ikiwa kwenye chaja umeunganishwa na waya za mtaa mzima, ichomoe. Dada wa Tabora, ndio, aliyepigwa na radi unaweza kumshika mara moja, mwili haubaki na umeme, mkandamize kifua haraka kama hapumui, usipoteze muda kumfukia mchanga.

Fundi, Geita: Nimepewa kazi ya kufunga kinga ya radi shuleni, madarasa mawili. Nilifundishwa fimbo inalinda kwa pembe ya digrii 45. Naweka fimbo moja katikati yenye kimo cha mita 10, inatosha?

Kazi hii ni nzito na nashukuru umeuliza. Januari 2025 wanafunzi 7 wa sekondari walikufa kwa radi Bukombe hapohapo mkoani kwako, na Juni 2011 huko Kiryandongo Uganda wanafunzi 18 kwenye shule moja ya msingi. Tusibahatishe.

Ile pembe ni sheria ya zamani, siku hizi tunatumia mpira. Ncha ya radi ikishuka haioni vitu vya chini mpaka imekaribia umbali fulani, na umbali huo unategemea ukubwa wa mkondo wake: mkondo kwa kiloampia ukipandishwa kipeo cha 0.65, zidisha kwa 10, unapata mita. Radi ya kiloampia 30 inaanza kuchagua pa kupiga ikiwa mita 91. Ya kiloampia 10, mita 45. Ya kiloampia 3, mita 20 tu. Sasa vuta picha mpira mkubwa wenye nusu kipenyo hicho unabingirishwa juu ya shule yote. Panapoguswa na mpira panaweza kupigwa. Mnaona jambo linalochanganya watu, radi kubwa ina mpira mkubwa unaonasa kwenye fimbo yako vizuri, ni ile ndogo yenye mpira wa mita 20 inayopenya pembeni na kugusa kona ya bati. Na ndogo bado inaua.

Tuseme jengo lina urefu wa mita 16, upana 7, bati pembeni liko mita 4. Fimbo moja katikati, kona iko mita 8.7 kutoka kwenye fimbo. Kwa mpira wa mita 45, kwenye kimo hicho cha mita 4 unalinda mita 9.7, inatosha. Kwa mpira wa 30 unalinda 7.4, haitoshi. Kwa mpira wa 20 unalinda 5.3 tu, kona zote nne ziko nje. Shule nakuomba uhesabu kwa mpira wa 20.

Fimbo mbili, kila moja mita 4 kutoka katikati: kona sasa ziko mita 5.3, unaona kama imetosha kwa unywele. Lakini usisahau mgongo wa paa. Ukiwa mita 5.5 kutoka chini, kwenye kimo hicho kinga inapungua inabaki mita 3.5, na ncha ya mgongo iko mita 4 kutoka kwenye fimbo yako. Iko nje. Kwa hiyo weka tatu, moja katikati na mbili mita 6 kutoka katikati kila upande. Hapo ncha ya mgongo iko mita 2, katikati ya fimbo na fimbo ni mita 3, kona mita 4, vyote vimo. Ziunganishe zote kwa waya wa shaba juu ya paa, unganisha na bati lenyewe, shusha waya angalau pande mbili za jengo mbali na milango, na nondo za ardhini uzifukie mahali ambapo watoto hawapangi mstari asubuhi, kwa sababu ile hesabu ya ng'ombe wa Kibondo inafanya kazi na hapo pia.